Walioandika Wakijua Umeme Utakatika

Likasi ni mji wa shaba, na shaba ya hapa imekuwa ikidai umeme tangu zamani. Kiwanda cha Shituru husafisha madini kwa mkondo wa umeme, si kwa moto peke yake. Ndiyo maana bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kazi mwaka 1930, Koni likafuata mwaka 1950, na mwaka 1982 njia ya umeme kutoka bwawa la Inga ikafika Kolwezi baada ya kukata nchi kwa kilomita zipatazo 1,700. Ukitazama ramani ya nyaya hizo unaweza kudhani mtu wa Likasi hajui giza. Mwulize anayeendesha sekretaria ya umma, pale wanafunzi wanapopeleka TFC zao, kazi za kumaliza masomo, zichapwe na kutolewa nakala. Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, anaijua vizuri. Onduleri ya kushikilia umeme, kama anayo, betri yake imechoka. Grupu, yaani jenereta, linataka mafuta. Na kompyuta yenyewe ni ya okazio, ilishatumika Ulaya miaka kadhaa kabla ya kushushwa hapa.

Lipo jambo moja ambalo hata yeye halioni tena, kwa kulizoea. Umeme unakatika sentensi ikiwa katikati. Feni inanyamaza, watu wanaguna. Umeme unaporudi kompyuta inawaka, na mafaili ya jana, ya juzi na ya mwaka jana yako palepale. Kilichopotea ni aya ya mwisho. Kwa nini aya moja, si diski nzima?

Kuna watu waliojiuliza swali hilo mstari kwa mstari kwa zaidi ya miaka thelathini: umeme ukikatika hapa, baada ya amri hii na kabla ya ile inayofuata, diski itabaki na nini? Ni watunzaji wa kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta inayokaa kati ya programu na chuma. Programu ya kuandikia ikikosea, kerneli huifunga na kazi nyingine ikaendelea. Kerneli ikikosea, hakuna wa kuifunga. Ina ruhusa ya kugusa kila anwani ya kumbukumbu na kila kifaa, na kosa la herufi moja linaweza kufuta kitu ambacho mwandishi wa mstari ule hakukifikiria hata kidogo.

Kompyuta nyingi za sekretaria zetu zina Windows, na Windows nayo ina kinga yake ndani ya mfumo wake wa mafaili, NTFS, tangu mwaka 1993. Msimbo wake lakini umefungwa, na ufundi usioonekana ni vigumu kuusifu kwa haki. Kwa hiyo nitazungumzia Linux. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na tayari uko mifukoni mwetu, kwa maana kila simu ya Android inaendeshwa na kerneli hiyo. Ilianzishwa na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, mwaka 1991. Leo ina mistari zaidi ya milioni 30, sehemu kubwa ikiwa ya kuendesha vifaa.

Mchapaji anapobonyeza kuhifadhi, maandishi hayaendi kwenye diski papo hapo. Watu wengi hushangaa kusikia hivyo. Kerneli huyapokea, huyaweka katika kumbukumbu, na kuijibu programu kwamba yamepokelewa. Diski ni ya polepole mno kusubiriwa kila mara. Wafanyakazi wa ndani wa kerneli huamka kila baada ya sekunde 5, kwa mpangilio wa kawaida, wakatafuta kurasa zilizokaa zaidi ya sekunde 30 bila kuandikwa, ndipo wakazipeleka. Katikati ya hapo umeme una nafasi ya kutosha kufanya mambo yake.

Na kuandika faili moja si kuandika mahali pamoja. Kuna maandishi yenyewe. Kuna rekodi inayosema faili ni la nani, lina ukubwa gani na vipande vyake viko wapi. Kuna ramani ya nafasi zilizo wazi na zilizochukuliwa. Kuna saraka inayobeba jina. Umeme ukikatika baada ya rekodi kuandikwa na kabla ya ramani, faili linadai nafasi fulani ni yake huku ramani ikisema nafasi hiyo haina mwenyewe. Kesho faili jingine linapewa nafasi ileile, na TFC ya mwanafunzi wa jiolojia inaota ankara ya duka la dawa katikati ya sura ya pili.

Mfumo wa mafaili wa Linux uitwao ext2, ambao Mfaransa Rémy Card aliutoa mwaka 1993 pamoja na Theodore Ts'o na Stephen Tweedie, ulikuwa mwepesi na mzuri, ila kwa ajali za namna hii ulitegemea ukaguzi wa baadaye. Mashine ikiwaka baada ya kuzimika vibaya, programu ya ukaguzi ilipita diski nzima, kipande kwa kipande, ikilinganisha madai na ramani. Diski zilipokuwa ndogo hilo lilivumilika. Zilipokua, mtu alingoja mpaka chai ipoe, na katika mji ambao umeme huweza kukatika tena kabla ukaguzi haujaisha, subira hiyo haikuwa na mwisho.

Mwaka 1998 Tweedie alieleza dawa, na mwaka 2001, mwezi wa Novemba, ikaingia katika toleo la 2.4.15 la Linux kwa jina la ext3. Mwenye duka anayekopesha huandika kwanza daftarini kabla ya kushusha unga kwenye rafu. Akiitwa ghafla nje, akirudi daftari linamwambia alikuwa anafanya nini. Tweedie aliipa diski daftari. Mabadiliko yote yanayokwenda pamoja yanaandikwa kwanza sehemu maalumu ya diski, mfululizo, na mwisho wake unapigwa alama kwamba fungu hili limetimia. Baada ya hapo ndipo yanahamishiwa mahali pake halisi, bila haraka.

Uzuri wake uko katika yale yasiyohitaji kuamuliwa. Umeme ukikatika kabla ya alama ya mwisho, fungu zima linatupwa, na diski inabaki kama ilivyokuwa kabla ya kazi kuanza. Ukikatika baada ya alama, mashine ikiwaka inasoma daftari na kuyarudia mabadiliko yote. Je, ukikatika tena wakati wa kurudia? Hakuna shida; kuandika kitu kilekile mahali palepale mara ya pili au ya tano hakubadilishi matokeo. Hakuna hali ya tatu. Nimesoma sehemu hiyo ya msimbo mara nyingi, na kinachonivuta ni kwamba haina ujanja. Kila hatua inaweza kukatizwa, na kila ukatizaji umeshapewa jibu.

Ila daftari linafaa tu kama linaandikwa kwa mpangilio, na hapa mafundi waligundua kwamba diski zenyewe husema uongo. Diski ina kumbukumbu yake ndogo ya ndani. Ikipokea data hujibu "tayari" kabla haijaandika, kisha huandika kwa mpangilio unaoifaa yenyewe. Alama ya kwamba fungu limetimia inaweza kufika kwenye sahani kabla ya fungu lenyewe. Umeme ukikatika hapo, mashine ikiwaka itaona alama, italiamini daftari, na itanakili takataka juu ya mafaili mazima. Kinga iliyokuwepo ili kuokoa ndiyo itakayoharibu.

Dawa ilijulikana: kabla na baada ya alama, iamuru diski imwage kumbukumbu yake ya ndani yote. Tatizo lilikuwa bei. Andrew Morton, mmoja wa watunzaji wakuu, alikuwa ameona kazi nyingi zikipungua kasi kwa kiasi cha asilimia 30, na kwa miaka ext3 iliachwa bila kinga hiyo isipokuwa mtu aiwashe mwenyewe. Mwaka 2008 Chris Mason aliandika jaribio lililoilemea mashine na kisha kuikatia umeme, na likaonyesha kwamba uharibifu haukuwa wa nadharia tu. ext4, mrithi wa ext3, ilikuja na kinga ikiwa imewashwa. Ext3 ikaipata kwa kawaida katika toleo la 3.1 la mwaka 2011.

Hapa nina neno langu. Uamuzi wa kuchagua kasi ulifanywa na watu wenye akili na nia njema, lakini walikaa katika miji ambayo umeme ukikatika huwa ni habari. Hatari ile waliibeba zaidi watumiaji wa Likasi, wa Bukavu na wa Bujumbura, ambao hakuna aliyewauliza. Nawasifu mafundi hawa, lakini sifa hizo hazinizuii kusema kwamba kwa miaka kumi, tangu 2001 hadi 2011, mizani ilielemea upande usio wetu.

Kisa kinachoonyesha tabia ya kazi hii kuliko vyote ni cha mwaka 2009. ext4 ilikuwa imetangazwa kuwa imara katika toleo la 2.6.28 la Desemba 2008. Haikupita muda, watumiaji wa Ubuntu, mfumo mmoja uliojengwa juu ya Linux, waliokuwa wakiijaribu wakaanza kulalamika: mashine ikizimika ghafla, mafaili ya mipangilio yao yalirudi na majina yake, ila ndani hayana kitu. Sifuri. Jina lipo, tarehe ipo, herufi hata moja haipo.

Sababu yake ni nzuri kuifuata polepole. Programu nyingi zinapobadilisha faili haziandiki juu ya lile la zamani. Huandika jipya kando, kwa jina la muda, kisha hulibadilisha jina lichukue nafasi ya la zamani. Ni desturi nzuri: mtu akitazama wakati wowote, ataona ama la zamani zima au jipya zima. Katika ext3, kwa mpangilio wake wa kawaida, maandishi yalilazimishwa kufika kwenye diski kabla ya fungu la daftari kutimia, na daftari lilitimizwa kila sekunde 5. Kwa hiyo jina jipya halikuwahi kutangulia maandishi yake. Waandishi wa programu waliona mambo yanakwenda, wakaacha kuita fsync, amri inayosema "usirudi mpaka data iwe kwenye diski".

ext4 ilifanya jambo la busara: ilichelewesha kuamua maandishi yakae wapi kwenye diski mpaka dakika ya mwisho, ili iyapange pamoja na kuepusha vipande vilivyotawanyika. Lakini kwa kuchelewesha hivyo, mabadiliko ya jina yaliingia daftarini mapema, na maandishi yakabaki kumbukumbuni sekunde nyingi zaidi. Umeme ukikatika katikati, jina jipya limeshika nafasi, la zamani limeshafutwa, na ndani hakuna kitu.

Ts'o, mtunzaji wa ext4, alikuwa na haki kisheria. Kanuni za POSIX hazikuwahi kuahidi kile programu zile zilichokitegemea; asiyeita fsync hana cha kudai. Alisema hivyo, kwa urefu na kwa uvumilivu, na kelele zikawa kubwa. Ninachompendea ni kwamba hakuishia kwenye haki yake. Aliandika viraka vya kutambua desturi mbili za hatari: kubadilisha jina juu ya faili lililopo, na kukata faili hadi sifuri kisha kuliandika upya. Kerneli ikiona moja ya hizo, inayapangia maandishi nafasi papo hapo ili yatangulie. Viraka viliingia rasmi katika toleo la 2.6.30 la mwaka huohuo.

Viko hadi leo. Fungua saraka ya fs/ext4, soma faili la namei.c, shuka mpaka shughuli ya ext4_rename: utakuta mistari miwili inayouliza kama jina jipya linaangukia faili lililopo, na kama ndivyo inaita ext4_alloc_da_blocks. Mistari miwili tu. Ugomvi wote ule umo humo, na anayeipita haraka hatajua kwamba ndiyo inayolinda mipangilio ya programu zake kila umeme unapokatika. Torvalds ana kanuni anayoisimamia kwa ukali ambao wengine huuona umezidi, kwamba kerneli isivunje programu iliyokuwa ikifanya kazi. Kanuni hiyo ikitekelezwa kwa adabu huzaa mistari ya namna hii, inayofanya kazi kwa niaba ya mtu asiyejua kuwa alikosea.

Hata fsync yenyewe haikusalimika. Mwaka 2018 watu wa PostgreSQL, mfumo mkubwa wa kuhifadhi taarifa, waligundua kwamba diski ikishindwa kuandika, kerneli ilitoa taarifa ya kosa na kisha ikazihesabu kurasa zile kuwa safi. Programu ikijaribu tena, inajibiwa "sawa", ingawa data haikuandikwa. Walikuwa wameishi na dhana nyingine kwa takriban miaka ishirini. Jibu la PostgreSQL likawa kusimama kabisa fsync ikishindwa, na kujijenga upya kutoka kwenye daftari lake lenyewe. Na ni programu gani zinazofikiria haya kwa makini? Watafiti wa Wisconsin walipochunguza programu 11 zinazotumika sana, mwaka 2014, walikuta udhaifu 60 unaojitokeza mashine ikizimika, mwingi wake wenye madhara makubwa.

Mtu atauliza: fundi anaujaribuje msimbo ambao kosa lake hutokea umeme ukikatika? Hawezi kuvuta waya mara elfu kumi, na hata akivuta, hawezi kuchagua sekunde. Mwaka 2015 Josef Bacik aliingiza katika kerneli chombo kinachorekodi kila uandishi unaokwenda kwenye diski, mmoja baada ya mwingine. Ukishakuwa na rekodi hiyo unaijenga diski kama ingekuwa umeme umekatika baada ya uandishi wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, na kila mara unauliza mfumo kama bado unajielewa. Delestaji inageuzwa kuwa kitu kinachoweza kurudiwa upendavyo, mchana kweupe, ofisini penye umeme. Jaribio likishindwa, linahifadhiwa na kuendeshwa kwa kila toleo linalofuata, ili kosa lile lisirudi kwa mlango wa nyuma.

Kuna makosa mengine ambayo ni magumu zaidi kwa sababu chanzo na uharibifu haviko nyumba moja. La mwaka 2008 linastahili kusimuliwa. Mwezi wa Septemba, wakati toleo la 2.6.27 likiandaliwa, kadi za mtandao za Intel katika baadhi ya kompyuta zilianza kufa. Si kuganda, ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya kadi, yenye anwani na mipangilio yake, ilikuwa imeandikwa upuuzi. Kuzima na kuwasha hakukusaidia. Wasambazaji wa Linux waliwaonya watu wasijaribu matoleo hayo.

Lawama zilikwenda kwa kiendeshi cha kadi, e1000e, maana ndicho kinachoigusa. Kisha zikahamia programu ya michoro ya skrini. Njia ya kawaida ya kuwinda kosa ni kugawanya: una toleo zuri na toleo baya, kati yake kuna mabadiliko elfu kumi, unajaribu la katikati, unatupa nusu isiyo na hatia, unagawanya tena. Majaribio 14 yanatosha. Git, chombo alichokiunda Torvalds mwaka 2005, hufanya hesabu hiyo yenyewe. Lakini hapa kila jaribio lililothibitisha kosa liliua kadi moja. Na kosa halikutokea kila mara.

Mhalifu alikutwa mbali na mtandao na mbali na skrini. Alikuwa ftrace, chombo cha Steven Rostedt cha kufuatilia shughuli za kerneli. ftrace hukumbuka anwani za mahali ambapo huweza kubadilisha maagizo ya kerneli inapokimbia. Baadhi ya anwani hizo zilikuwa katika msimbo wa kuanzia wa moduli, ule unaotumika mara moja na kutupwa. Msimbo ukatupwa, anwani zikabaki orodhani. Baadaye anwani zilezile zikapewa kazi nyingine: kuwa dirisha la kuingilia kadi ya mtandao. ftrace ikarudi, na kwa tahadhari, ndiyo, kwa tahadhari, ikatumia agizo la kichakato linalosema "linganisha, na kama ni sawa badilisha". Havikuwa sawa, kwa hiyo haikubadilisha kitu. Ila agizo hilo katika vichakato vya aina ya x86 huandika hata ulinganisho ukishindwa: hurudisha kile lilichokikuta. Kwa kumbukumbu ya kawaida hilo halina madhara. Kwa kifaa, kuandikiwa ni amri.

Toleo la 2.6.27.1, Oktoba 2008, lilizima sehemu hiyo ya ftrace. Kisha ikaandikwa upya: inasoma kwanza kwa uangalifu, inathibitisha kuwa inachokiona ndicho inachokitarajia, ndipo inaandika; isipokiona, inajizima na kupiga kelele. Rostedt mwenyewe amekisimulia kisa hicho hadharani, chombo chake kikiwa ndicho chenye hatia. Upande wa Intel nao waliongeza kufuli ili kumbukumbu ya kadi isiweze kuandikwa kwa bahati mbaya. Chanzo kilitibiwa, na mlango ulioumizwa ukafungwa pia.

Kwa kawaida ushahidi ambao fundi huanza nao ni mdogo. Kerneli inapokufa hutapika ukurasa wa tarakimu: anwani ya agizo lililoshindwa, hali ya rejista, na mlolongo wa nani alimwita nani. Zamani uliunganisha waya na kompyuta ya pili ili kuudaka ukurasa huo kabla haujapotea, au uliupiga picha kwa simu na kuandika tarakimu kwa mkono. Tangu toleo la 6.12, la mwaka 2024, kerneli inaweza kuuonyesha kwenye skrini kama msimbo wa QR. Mwenye simu yenye kamera anaweza kuudaka. Likasi waya wa kuunganishia ni adimu, kamera haiko mbali kamwe.

Kisha kuna kazi isiyo na kisa, ambayo ndiyo kubwa zaidi: kutunza tu. Mafaili kwenye diski za zamani za ext3 yana nafasi ya saa inayokwisha tarehe 19 Januari 2038. Mwaka unaonekana mbali, ila mashine za okazio zina maisha marefu hapa. Arnd Bergmann na wenzake walitumia miaka kupita kerneli nzima wakirekebisha kila mahali saa inapohesabiwa, na sehemu kubwa ya kazi ikakamilika katika toleo la 5.6 la mwaka 2020. Mmoja wao, Deepa Dinamani, aliingia kupitia Outreachy, programu inayowalipa wanaoanza. Na mwaka 2015, katika toleo la 4.3, msimbo wa ext3 uliondolewa wote, na diski za ext3 zikaendelea kusomeka, kwa sababu ext4 ilikuwa imefundishwa kusoma diski za ext3 muda mrefu kabla.

Uzee wa matoleo ni jambo lenye uchungu zaidi kwetu. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba matoleo ya muda mrefu yatarudishwa kutoka miaka sita hadi miwili, maana watunzaji wamechoka na ni wachache. Mradi wa Civil Infrastructure Platform hulea matoleo machache, kama 4.4 na 4.19, kwa miaka kumi, kwa ajili ya reli na vituo vya umeme. Simu zetu za mtumba hazina mlezi wa namna hiyo. Kasoro nyingi nilizozieleza zimetibiwa kwenye chemchemi, lakini tiba haifiki kwenye simu ambayo kiwanda kiliacha kuijali.

Ombi langu ni kwa walimu wa informatiki wa Université de Likasi na wa vyuo vingine vya mji. Msimbo wa daftari uko katika saraka ya fs/jbd2, na faili lake la kutimiza mafungu, commit.c, halizidi sana mistari elfu moja. Darasa linaweza kulisoma katika muhula mmoja bila kompyuta ya gharama. Wanafunzi wanaweza kujenga mashine ya kuigiza ndani ya kompyuta ya kawaida, wakaizima ghafla wapendavyo, na kutazama daftari likirudiwa. Vijana wa Kenya wameshapita Outreachy na viraka vyao vimo katika kerneli tunayoitumia sote. Likasi ina kitu ambacho maabara nyingi za Ulaya hulazimika kukiigiza. Kwa hiyo, ndugu msomaji, umeme ukikatika na faili likirudi tupu, usiishie kuguna: andika toleo la kerneli, aina ya diski, programu iliyokuwa wazi na saa ya tukio, kisha wapelekee wanaoutunza msimbo huo.